Nukta, Nambari na Jina: Dhidi ya Ibada ya Marejeo ya Kitabibu

Utangulizi

Katika mji wa Thika, kaunti ya Kiambu, upo mtaa uitwao Landless. Jina lenyewe ni la Kiingereza, na maana yake ni mtu asiye na ardhi. Mtaa huo umo katika ukanda wenye vyuo vikuu vingi: Kenyatta huko Kahawa, Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia huko Juja, Mount Kenya mjini Thika penyewe, na vingine vilivyotapakaa kuanzia Ruiru hadi huko. Palipo na vyuo vingi hapana budi pawepo na wahitimu wengi. Na palipo na wahitimu wengi kuliko ajira, huota kazi zisizo na kibao mlangoni. Mojawapo ni kazi ya kupanga marejeo.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Kijana aliyesomea fasihi huketi mbele ya tarakilishi usiku, akapokea tasnifu ya mwanafunzi wa uuguzi, wa papa hapa au wa ng'ambo. Tasnifu ina marejeo sitini yaliyoandikwa kila moja kwa namna yake. Kijana huyo hufuta majina ya kwanza ya waandishi na kubakiza herufi za mwanzo tu. Huondoa nukta baina ya herufi hizo. Hufupisha majina ya majarida. Huweka nukta mkato baada ya mwaka bila kuacha nafasi, kisha nambari ya juzuu, kisha nukta mbili, kisha kurasa. Mwishowe huyapa marejeo yote nambari kwa kufuata zamu ya kutajwa kwake. Alfajiri huwa amemaliza. Jina lake halimo jaladani, halimo katika shukrani, na halimo katika marejeo.

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuiona kazi ya aina hii kuwa ya kiufundi tu, isiyowahusu. Makala haya yanadai kinyume. Orodha ya marejeo ni matini kama matini nyingine: ina kanuni zake za utanzu, ina historia, ina wanaotajwa na wanaonyamazishwa. Aidha, makala yanadai kwamba mtindo wa marejeo ya kitabibu, uliobuniwa ili kumpunguzia mwandishi mzigo, umegeuzwa katika vyuo vya Afrika Mashariki kuwa ushuru anaotozwa asiyekuwa nacho. Na kwamba idara za fasihi, ambazo kazi yake ni kusoma, zimekubali kuhesabu nukta mahali pa kusoma.

Chimbuko la mtindo

Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana mjini Vancouver, Kanada. Shida iliyowakutanisha ilikuwa ya kawaida kabisa. Kila jarida lilikuwa na mtindo wake, na daktari aliyekataliwa makala yake na jarida moja alilazimika kuyapiga chapa upya yote, kwa mashine ya taipu, kabla ya kuyapeleka kwingine. Mwaka uliofuata masharti yao yalichapishwa. Upande wa marejeo walifuata muundo uliotayarishwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, maktaba ile ile iliyokuwa na fahirisi mashuhuri iitwayo Index Medicus, iliyoasisiwa mwaka 1879. Kundi hilo likakua na kuwa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, na mtindo ukaitwa kwa jina la mji.

Jambo ambalo husahauliwa na wengi wanaoutukuza mtindo huo ni hili: waasisi wake hawakukusudia kulazimisha sura ya uchapishaji. Masharti yao yalieleza waziwazi kwamba yanamhusu mwandishi anayetayarisha mswada, na kwamba jarida lililojiunga litaupokea mswada huo jinsi ulivyo. Jarida likiwa na mtindo wake mahususi, basi litaugeuza lenyewe. Kwa maneno mengine, mapatano yalikuwa kwamba mwandishi aandike mara moja tu, na kazi ya kubadilisha nukta iwe ya mchapishaji.

Hali kadhalika, mambo mengi katika mtindo huo yalikuwa na sababu ya haki. Sentensi moja ya tiba huweza kuegemea tafiti kumi. Kuyaandika majina ya watafiti wote ndani ya mabano kungeifanya sentensi isisomeke. Nambari ndogo hutatua tatizo hilo. Vifupisho vya majina ya majarida viliokoa karatasi katika fahirisi iliyojaa maelfu ya kurasa. Jarida kongwe la eneo hili, lililoasisiwa mwaka 1923 kama jarida la tiba la Kenya na baadaye likachukua jina la Afrika Mashariki nzima, liliingia katika fahirisi hiyo kwa umbo la “East Afr Med J”, na hakuna tabibu aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Tena ni vizuri watu wa fasihi wasijidai kuwa wao wana mtindo uliotoka mbinguni. Ule utaratibu wa kuandika jina na mwaka ndani ya mabano, ambao majarida mengi ya Kiswahili huufuata kama sunna, kwa kawaida hunasibishwa na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeutumia mwaka 1881 katika utafiti wake kuhusu mayai ya koa wa bustanini. Kwa hiyo hoja hapa si kwamba mtindo wa madaktari ni mgeni ilhali mtindo wa wahakiki ni wa kienyeji. Yote miwili ni migeni, na yote miwili ilizaliwa maabarani. Hoja ni kwamba mgeni akishakaa sana huulizwa amekuja na nini na anataka nini. Na swali hilo halijaulizwa.

Jina

Mtindo wa kitabibu huanza na dhana moja ambayo hauitaji: kwamba kila mtu ana jina la ukoo, kwamba jina hilo huja mwisho, na kwamba majina yaliyotangulia ni pambo linaloweza kukatwa hadi herufi moja moja. Dhana hiyo ni ya kweli kwa sehemu fulani ya Ulaya na kwa makoloni iliyoyaanzisha. Kwa Mswahili anayeitwa kwa jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, si kweli.

Zanzibar imetoa waandishi wawili wa riwaya wanaostahiki heshima sawa: Mohamed Suleiman Mohamed, aliyeandika *Kiu* (1972) na *Nyota ya Rehema* (1976), na Said Ahmed Mohamed, aliyeandika *Asali Chungu* (1977) na *Utengano* (1980). Katika orodha ya kitabibu wa kwanza huwa “Mohamed MS” na wa pili “Mohamed SA”. Watu wawili ambao msomaji yeyote wa Kiswahili huwatofautisha kwa sentensi moja ya nathari yao, sasa wanatofautishwa kwa herufi mbili. Shaaban Robert, ambaye vizazi vyote humwita Shaaban, hugeuka “Robert S”, na mwanafunzi anayemtafuta chini ya herufi aliyozoea hamkuti. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, huwa “Haji M”. Yaani baba huchukua mashairi ya mwanawe.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Riwaya zake za mwanzo, kuanzia ile ya 1964, zilitolewa kwa jina la James Ngugi. Baadaye alilitupa jina la ubatizo na kujiita kwa desturi ya Wagĩkũyũ: Ngũgĩ wa Thiong'o, yaani Ngũgĩ mwana wa Thiong'o. Kitendo hicho kilikuwa hoja. Kilikuwa sehemu ya uhakiki wake wa ukoloni sawa na insha yoyote aliyoiandika. Orodha ya kitabibu hukipokeaje? Huandika “Ngugi J” kwa kazi ya 1964, na “Thiong'o N” au “wa Thiong'o N” kwa kazi za baadaye. Mtu mmoja amekuwa wawili. Jina alilolikana limehifadhiwa kwa uaminifu, jina alilolichagua limekatwa likabaki N, na nyakati nyingi alama za juu ya herufi, ambazo katika Gĩkũyũ hubeba sauti, zimetupwa njiani. Utaratibu usio na nia mbaya hata kidogo umeitangua hoja ya maisha yake bila kuijibu.

Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, watu watatu walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Walikuwa Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ mwenyewe. Idara za fasihi za eneo hili hujivunia waraka huo na huufundisha kila mwaka. Lakini mwanafunzi anayeandika juu yake hulazimika kuyavunja majina ya wawili kati ya watatu hao ili yaenee katika visanduku viwili ambavyo programu ya marejeo humuuliza kwa kawaida: jina la ukoo, jina la kwanza. Idara iliyowahi kuuliza kwa nini kitovu cha dunia kiwe Uingereza sasa haiulizi kwa nini jina la Kiafrika lilazimike kusimama kichwa chini.

Yatasemwa kwamba mtindo wa jina na mwaka nao hufanya hivyo hivyo. Ni kweli, na lawama iuendee pia. Tofauti ni kwamba mtindo huo huliacha jina, hata likiwa limejeruhiwa, ndani ya sentensi, mahali ambapo msomaji hukutana nalo na huweza kugutuka. Mtindo wa nambari huliondoa kabisa katika mwili wa matini na kulipeleka uani.

Sauti

Mila za uandishi za pwani zilikuwa na adabu yake ya kutaja asili ya neno. Mtunzi wa utenzi aliweka beti za kufungia, ambamo alijitaja, na mara nyingi alitaja pia idadi ya beti na mwaka wa kutunga. Mwanachuoni aliyesomesha hadithi za Mtume alitaja isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, majina yote kamili pamoja na ya baba zao. Lengo la mnyororo huo lilikuwa kumpa msikilizaji nafasi ya kuuliza kila mtu katika mnyororo alikuwa nani, aliishi wapi, na je, aliaminika. Rejeo lilikuwa ushahidi wa mtu kabla ya kuwa anwani ya karatasi.

Mtindo wa kitabibu umelipa kisogo jambo hilo. Mawasiliano ya mtu na mtu hayaruhusiwi kuingia katika orodha. Kanuni inashauri yaepukwe, na yakilazimika, yatajwe kwa mabano ndani ya matini na kuachwa hapo. Kwa daktari anayetaja simu aliyopigiwa na mwenzake, kanuni hiyo ina busara. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, au kwa mwanafunzi wa afya ya jamii anayeandika maelezo ya wakunga wa jadi, ni kanuni ya kufuta. Bibi aliyesimulia ngano, mkunga aliyeeleza mitishamba anayoitumia, mwimbaji wa nyimbo za jandoni, wote hupoteza nafasi katika orodha. Wakati huo huo, mgeni aliyemrekodi bibi yule yule na kuichapa ngano yake katika kitabu huingia orodhani kwa nambari kamili. Anayerejelewa ni mwenye mashine ya chapa, siye mwenye neno. Hapo ndipo jina la ule mtaa wa Thika linapoacha kuwa la mtaa mmoja: wako watu wengi waliolima shamba la maarifa wasiopewa humo hata kipande cha kusimama.

Ukweli

Huenda yote hayo yangestahimiliwa kama mtindo huo ungelinda ukweli. Watetezi wake husema kwamba nidhamu ya nukta huzaa nidhamu ya fikra: atakayekuwa mwangalifu katika mkato atakuwa mwangalifu katika hoja. Historia ya tiba yenyewe haikubaliani nao.

Mnamo Januari 1980, jarida mashuhuri la tiba la New England lilichapisha barua fupi ya Jane Porter na Hershel Jick. Ilikuwa aya moja yenye sentensi tano. Waandishi walieleza kwamba miongoni mwa wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitalini na kupewa angalau dawa moja ya kutuliza maumivu ya jamii ya afyuni, walikuta visa vinne tu vya uraibu kwa watu wasio na historia ya uraibu. Barua haikusema lolote juu ya wagonjwa wanaomeza dawa hizo nyumbani kwa miezi na miaka. Mwaka 2017, watafiti waliopitia maandishi 608 yaliyoirejelea barua hiyo walionyesha kwamba yapata 72 katika kila 100 yaliitumia kuthibitisha kwamba uraibu ni nadra, na yapata 81 katika kila 100 hayakutaja kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Miaka hiyo ndiyo madaktari wa Marekani walipokuwa wakihakikishiwa kwamba dawa hizo hazina hatari kubwa ya uraibu. Janga lililofuata limeua mamia ya maelfu ya watu.

Sasa mhakiki na aitazame rejea yenyewe ilivyoandikwa: Porter J, Jick H; kisha anwani ya barua; kisha N Engl J Med; kisha 1980;302(2):123. Haina kosa. Nukta mkato iko mahali pake, nukta mbili iko mahali pake, majina yamefupishwa ipasavyo. Mtahini anayehesabu mikato angeipa alama zote. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kufungua ukurasa wa 123 na kusoma sentensi tano. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waliorejelea barua hiyo walikuwa wameupaka rangi mlango kwa miaka mingi.

Wala kisa hicho si cha pekee. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliojumlisha tafiti nyingi kuhusu usahihi wa kunukuu katika majarida ya tiba, ulikuta kwamba yapata robo ya manukuu hayakulingana na yale yaliyosemwa na chanzo. Haya ni majarida yenye mtindo mkali kuliko yote duniani. Mkato ulikuwa sahihi; maana ndiyo iliyokosewa.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zilipoenea programu za tarakilishi zinazotunga maandishi, hoja ya nidhamu ya nukta imebomoka kabisa. Programu hizo zinaweza kubuni rejea ambayo haijapata kuwepo: waandishi wenye majina yanayoelekea kuwa ya kweli, jarida la kweli, mwaka, juzuu na kurasa, vyote kwa mtindo wa kitabibu usio na dosari. Zamani orodha iliyopangwa vizuri iliashiria angalau kwamba mtu alikaa kitako akafanya kazi. Leo haiashirii hata hilo. Orodha iliyonyooka kupita kiasi inaweza kuwa ndiyo inayostahili kutiliwa shaka kwanza.

Kazi

Hapa ndipo inapofaa kurejea kwa yule kijana wa Thika. Mwaka 2019, Allana LeBlanc na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji watafiti 372 kutoka nchi 41 kuhusu muda wanaoutumia kuyapatanisha maandishi yao na masharti ya majarida. Mtafiti wa katikati alisema hutumia saa 14 kwa kila makala, na saa 52 kwa mwaka. Hizo ni saa za watu wenye ofisi na mishahara. Kwa mwanafunzi anayekodi tarakilishi kwa saa, au asiye na hakika ya umeme, au anayefanya kazi mchana ili alipe karo, hesabu ni nyingine. Atakapoambiwa kwamba tasnifu yake imerudishwa kwa sababu majina ya majarida hayakufupishwa, hatakuwa na saa hizo. Atamtafuta mtu wa kumlipa.

Hivyo ndivyo sharti la kiufundi linavyozaa soko. Nalo soko hilo halikomi kwenye mikato. Kenya imejulikana duniani kwa vijana wake wanaowaandikia wanafunzi wa nchi tajiri insha na tasnifu nzima. Filamu ya hali halisi ya mwaka 2024 iitwayo *The Shadow Scholars*, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya, imewaonyesha vijana hao kwa walimwengu. Nako Uingereza, sheria ya mwaka 2022 iliharamisha biashara hiyo upande wa England. Shutuma nyingi huelekezwa kwa anayeandika. Ni haba wanaouliza ni elimu ya namna gani ambayo tuzo zake zinaweza kuchukuliwa na mtu mwingine bila mtahini kutambua.

Jibu ni kwamba ni elimu iliyokwisha kukubali kwamba umbo linatosha. Mwanafunzi akipewa alama kwa kuwa orodha yake inafanana na orodha za wengine, amefundishwa kwamba usomi ni kufanana. Akishafundishwa hivyo, hakuna hatua kubwa baina ya kumlipa mtu apange marejeo na kumlipa aandike sura ya tatu. Kuna msemo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kijana huyu anacheza kwao, tena usiku kucha, na anayetunzwa yuko ukumbi wa mbali akivishwa joho.

Wapinzani na hoja zao

Hapana shaka makala haya yatapingwa, na hoja za kuyapinga ni tatu.

Hoja ya kwanza ni kwamba ulinganifu ni lazima, la sivyo maktaba itakuwa soko la samaki. Hakuna anayekana hilo. Msomaji anahitaji kujua nani kasema, wapi, lini, na ukurasa gani. Orodha inayompa mambo hayo manne kwa utaratibu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho imetimiza wajibu wake, iwe nukta mkato imetangulia juzuu au imefuata. Ulinganifu ndani ya kazi moja ni adabu kwa msomaji. Ulinganifu wa kazi zote za dunia na mtindo wa idara moja ya elimu ni jambo jingine.

Hoja ya pili ni kwamba majarida ya kimataifa hayatakubali, na msomi wa Afrika asiyefuata atabaki nje ya mlango. Hoja hii imepitwa na wakati. Tangu mwaka 2011 yako majarida ya kisayansi, ya wachapishaji wakubwa, yanayopokea mswada wa kwanza kwa mtindo wowote mradi uwe mmoja, na kudai mtindo wao pindi tu makala yanapokaribia kukubaliwa. Programu za bure za kupanga marejeo, kama vile Zotero iliyotoka mwaka 2006, hugeuza orodha nzima kutoka mtindo mmoja hadi mwingine kwa muda mfupi. Yaani walioanzisha masharti wameanza kuyalegeza, ilhali walioyapokea wanayakaza. Ni desturi ya zamani ya mnyapara kuwa mkali kuliko bwana.

Hoja ya tatu hutoka upande wa pili, kwa wale wenye hamasa ya uzalendo, nayo husema mitindo yote ya kigeni itupwe na itungwe ya Kiafrika. Nia ni njema lakini dawa si hiyo. Mtindo mpya wenye mikato yake mipya, ukisimamiwa na mtahini yule yule asiyefungua vitabu, utazaa vijana wale wale wanaokesha wakipanga mikato mipya. Tatizo haliko katika asili ya nukta. Liko katika kuifanya nukta kuwa kipimo cha mtu.

Hitimisho

Yanayopendekezwa hapa ni mambo matatu, na hakuna lililo zito kulitenda. Kwanza, idara na majarida ya eneo hili yapokee tasnifu na miswada kwa mtindo wowote ulio mmoja na ulio kamili, na kazi ya kugeuza iwe ya mchapishaji baada ya maandishi kukubaliwa, kama mapatano ya mwanzo ya wahariri wa tiba yalivyokuwa. Pili, jina la mwandishi liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika, kwa ukamilifu na kwa alama zake, na liorodheshwe chini ya herufi ambayo jamii yake ingemtafutia; na msimulizi, manju, mkunga na bibi waingie katika orodha ile ile, kwa majina yao ikiwa wameridhia, pamoja na mahali na tarehe ya kusimuliwa. Tatu, mtahini achague marejeo kumi katika kila tasnifu, ayafungue, asome ukurasa uliotajwa, na amuulize mwanafunzi uso kwa uso kwa nini amelitaja neno lile mahali pale.

Pendekezo la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa ndilo linalomtoza kazi mtahini badala ya mwanafunzi. Lakini ndilo pekee ambalo kazi ya kukodi haiwezi kulijibu. Kijana wa Landless anaweza kupanga nukta za tasnifu mia moja. Hawezi kuingia chumba cha mahojiano kwa niaba ya mwingine akaeleza maana ya ukurasa. Siku idara zitakapoanza kuuliza swali hilo, soko la mikato litakosa wateja. Naye kijana huyo, ambaye kwa kusoma marejeo ya wengine usiku kucha huenda amekusanya elimu kuliko waliomlipa, atastahili kuulizwa swali ambalo hajapata kuulizwa: je, yeye mwenyewe ana makala gani, na angependa jina lake liandikwe vipi?